Akikubali Mwenyewe

Nyumbani, 4 Februari

Mwanangu,

Leo naanza mimi kusalimu, maana nikikuachia wewe utaandika "shikamoo" halafu utakaa wiki nzima unatafuta neno la pili. Hapa tu wazima. Mdogo wako, huyu binti yangu, anakusalimu. Tumbo limeanza kuonekana na sasa hataki kuinama kufagia, anasema daktari kamkataza. Daktari gani, sijui, kwa sababu kliniki hajatia mguu. Mume wake hayupo, yuko safarini na mizigo yake, kwa hiyo anayedekezwa ni yeye na anayedekeza ni mimi. Mlango wa jikoni bado haufungi. Uliahidi kuutengeneza ukipata likizo, basi nimeuegemezea gogo na tunakungoja.

Nilifika salama kutoka kambini kwenu. Dereva wa lori la vyakula, huyo mnayemwita Mwendopole, alinishusha hapa hapa mlangoni. Ndiye atakayekupa barua hii mkononi, na ndiye utakayempa ya kwako, kwa hiyo andika bila kujibanabana. Haipiti kwa wakaguzi wenu.

Tangu nistaafu chaki sikuwaza kwamba ningefundisha tena, tena watu wenye bunduki. Lakini shirika lilitaka mwalimu anayeweza kueleza Mikataba ya Geneva kwa maneno ya kawaida, na mimi maneno ya kawaida ninayo. Nilifurahi kuwaona mmekaa juu ya magunia ya unga mle stoo mnanisikiliza. Wote isipokuwa wewe, uliyeona aibu kwamba mwalimu ni shangazi yako. Nilikuona ukijificha nyuma ya mpishi.

Kamanda wako kanishangaza. Nilidhani atakuja kusinzia. Tulipofika picha ya saba, ile ya mateka na kazi za hatari, nikasema mateka hatumwi kutegua mabomu yaliyotegwa ardhini. Akanyoosha mkono kama mtoto wa darasa la nne: "Mwalimu, na akikubali mwenyewe?" Nikamjibu ukweli, kwa sababu darasani sidanganyi. Akijitolea mwenyewe, Mkataba unaruhusu. Nikampongeza mbele yenu wote. Mwanafunzi anayeuliza "na kama" ndiye aliyekuwa anasikiliza, wengine mlikuwa mnangoja chai.

Nyoa hizo nywele, umekuwa kichaka. Kula ushibe.

Ni mimi, shangazi yako, ambaye hakuona aibu yoyote.


Kambini, 2 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Unaona, neno la pili nimelipata. Mimi mzima, miguu tu ndiyo imeota malengelenge kwa hivi viatu. Mwambie mdogo wangu asikudanganye, daktari hajamkataza kufagia, lakini wewe pia mwache apumzike. Gogo liache hapo hapo. Likizo zimefutwa.

Nywele nimenyoa. Utacheka ukisikia aliyeninyoa ni nani. Siku chache baada ya wewe kuondoka, doria yetu ilirudi na mateka. Wenzake walikimbia, yeye kifundo cha mguu kikateguka akabaki. Ni mtu mfupi, mpole, umri wa kuwa mjomba wangu. Kwa kuwa mimi ndiye ninayejua lugha ya ng'ambo ya mpaka, ile ya marehemu mama, nikaitwa nitafsiri. Akasema yeye si askari wa kuzaliwa, ni kinyozi, walimchukua dukani kwake akiwa na mteja kitini, kichwa nusu.

Kamanda akamwambia basi anyoe. Tukampa wembe na mashine ya mkono tuliyokuwa nayo. Mwanzoni hakuna aliyetaka kumpa shingo adui, kila mtu akawa anamsukuma mwenzake mbele. Mpishi akajitoa, akasema akichinjwa tutajipikia wenyewe. Akatoka kapendeza kama anakwenda kuposa. Tangu siku hiyo Kinyozi ana foleni. Wembe anapewa asubuhi, anaurudisha jioni. Akinyoa anajifunza maneno yetu. Anashika sikio lako anauliza, "Hii nini?" Unamwambia, "Sikio." Mpishi kamfundisha matusi mawili na anayasema kwa heshima kabisa. Mimi namlinda na mimi ndiye rafiki yake hapa, kama mlinzi anaweza kuitwa rafiki.

Sasa Shangazi, kuna askari mmoja hapa ananiuliza swali na nimemwambia nitakuuliza wewe. Njia ya kwenda kisimani imetegwa mabomu. Wale wa ng'ambo waliyatega kabla hawajaondoka. Maji tunayokunywa sasa tunaletewa na lori, na lori likichelewa tunalamba umande. Watu wa kutegua tumewaomba, hawaji. Huyo askari anauliza: ikisemwa kwamba waliotega ni wenzake Kinyozi, basi Kinyozi ndiye aende akategue, hiyo kisheria imekaaje? Na askari akiambiwa asaidie jambo hilo, afanye nini?

Anauliza tu. Nijibu kwa urefu.

Mwanao.


Nyumbani, 20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma kwa sauti, mdogo wako alicheka hadi akashika ubavu pale kwa mpishi. Kliniki ameshakwenda. Mtoto amekaa vizuri. Jirani yetu fundi viatu amenipigia soli mpya, hakutaka malipo, anasema kijana wake naye yuko jeshini kama wewe, kwa hiyo sisi ni ndugu wa wasiwasi.

Haya, tuingie darasani. Mwambie huyo askari wako, ambaye nahisi namjua tangu ananyonya, kwamba jibu ni hapana. Mkataba wa Tatu, kifungu cha hamsini na mbili. Aliyetega ni nani, haijalishi. Mateka si mdaiwa. Yuko mikononi mwenu, na kwa sababu hiyo hiyo mnapaswa kumlinda kuliko mnavyojilinda wenyewe.

Najua litakalofuata, maana Kamanda wako aliliuliza mbele yangu. Akikubali mwenyewe je? Basi nieleze vizuri, pengine siku ile nilieleza kwa haraka kwa sababu nilifurahia swali. Kukubali ni kwa mtu anayeweza kukataa na kesho yake akaamka salama, akala chakula kile kile, akanyoa vichwa vile vile. Ukimuuliza mtu "unakubali?" na bunduki iko begani kwako, hujamuuliza kitu. Kwa hiyo huyo askari akiambiwa asaidie, akatae. Aseme kwa adabu, aseme kwa sauti, mbele ya wenzake. Amri ya namna hiyo haimlazimu mtu kuitii.

Nilipokulea sikukufundisha kupiga magoti mbele ya jambo baya. Nakuamini. Msalimie Kinyozi, mwambie kazi yake imenifurahisha kabla sijaiona.

Shangazi yako.


Nyumbani, 9 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Sijangoja majibu yako, nakuandikia tena. Natumaini hujambo. Mdogo wako hajambo. Mvua imenyesha imeingia ndani kwa ule mlango. Sina habari nyingine za nyumbani na hizi nimeziandika kwa sababu mkono umezoea.

Kijana wa fundi viatu amekufa. Hakufia vitani. Alikataa amri. Waliambiwa wachome nyumba za kijiji fulani, yeye akasema humo mna watu, hachomi. Wakamhukumu huko huko kambini kwao. Juzi limekuja gari, wameshusha mkoba wake na viatu vyake, vile ambavyo baba yake alimshonea. Fundi amevitundika ukutani na anaendelea kukaa kwenye kigoda chake. Watu wakimuuliza kama viatu vyao viko tayari, anasema bado. Hagongi hata msumari mmoja.

Nilikuwa darasani kwangu, kwenye kambi nyingine, nikiwaeleza vijana kwamba amri mbaya hailazimu. Nimerudi nikakuta mkoba ule barazani. Kijana yule alipita kwenye darasa langu. Alikaa mbele kabisa.

Mwanangu, sahau niliyokuandikia mwezi uliopita. Mimi nimekaa kwenye kiti na miwani yangu, na wewe uko huko. Kama Kinyozi akisema amekubali, basi amekubali. Mkataba wenyewe umeacha nafasi hiyo, sikuiweka mimi. Usiwe mkaidi, usijifanye wakili wa mtu. Wewe ndiye niliyebaki naye kwa upande wa kaka yangu. Tafsiri utakachoambiwa utafsiri, unyamaze, urudi nyumbani uje utengeneze mlango.

Barua hii ukishaisoma ichome. Ile nyingine fanya unavyotaka.

Shangazi yako anayekuogopea.


Kambini, 6 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Poleni kwa msiba wa fundi viatu. Mimi niko salama. Barua zako mbili zilifika pamoja, lori la Mwendopole lilikuwa limeharibika gia njiani likalala huko wiki kadhaa. Ile uliyosema niichome nimeichoma.

Hapa mvua pia ipo. Maji sasa yanapatikana. Njia ya kisimani iko wazi na tunachota wenyewe, hatutegemei tena lori. Mpishi amefurahi, supu imeongezeka maji. Kamanda amepata barua ya pongezi kutoka makao makuu.

Swali la yule askari limekwisha, usisumbuke nalo tena. Kinyozi hayupo.

Mwambie mdogo wangu ajifungue salama.

Mwanao.


Nyumbani, 25 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mdogo wako ni mzito sasa, akikaa haamki mpaka avutwe. Fundi viatu ameanza tena kazi kidogo, ila anashona viatu vya watoto tu.

Nimefundisha watoto wa watu miaka mingi na najua jibu la mwanafunzi anayepita pembeni ya swali. "Kinyozi hayupo." Hayupo maana yake nini? Amehamishwa kwenye kambi ya mateka? Ametoroka? Yuko hospitali? Umeniandikia habari za supu mistari mingi na habari za mtu maneno mawili.

Kamanda alimuuliza? Wewe ulikuwepo? Alisema nini?

Nijibu. Usinifiche, nimekuogesha mimi.

Shangazi.


Kambini, 30 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nilianza barua hii mara kadhaa nikaichana. Sina habari nyingine za hapa, na wewe salimia watu wote.

Zile barua zako mbili zilifika jioni. Kesho yake asubuhi Kamanda akatupanga wote uwanjani baada ya chai. Kinyozi akaitwa. Alikuja na kitambaa chake cha kunyolea begani, alidhani kuna mgeni wa kunyolewa. Kamanda akasema mbele yetu kwamba yeye si mshenzi, amefundishwa sheria, hamlazimishi mtu. Akasema mwalimu alituambia hapa hapa kambini kwamba mateka akikubali mwenyewe hakuna kosa. Akanigeukia: "Mkalimani, muulize kama anakubali kusafisha njia ya kisimani."

Nikamuuliza, kwa lugha ya mama. Shangazi, sijui kama unajua, lugha ile mimi nilikuwa naitumia kuombea uji na kuimbiwa nilale. Maneno ya mabomu sikuwa nayo, nikasema "vyuma vilivyozikwa". Kinyozi akanitazama mimi, si Kamanda. Akasema hakuvitega yeye, hajui vilipo. Akasema ana mke na watoto na duka, na kwamba anatuomba radhi, lakini hawezi. Alisema "naomba radhi" kabisa, kama mtu aliyealikwa akashindwa kufika.

Wote wakawa wananingoja. Mfukoni nilikuwa na barua zako zote mbili, ile ya pili nilikuwa sijaichoma bado. Sikwambii kwamba ndiyo iliyonifanya. Nakwambia tu nilikuwa nayo. Nilikuwa nimezisoma zote mbili usiku kucha, nikachagua ile iliyonihurumia mimi.

Nikasema, "Amekubali."

Halafu Kinyozi akasema, kwa lugha yetu, ile aliyojifunza akiwa ameshika vichwa vyetu: "Mimi sikubali." Lafudhi ilikuwa mbaya lakini kila mtu alisikia. Mpishi alisikia. Waliofundishana naye masikio na pua walisikia. Hakuna aliyefungua mdomo. Kamanda akangoja kidogo, nadhani alikuwa anangoja kama kuna mtu atasema kitu. Kisha akasema, "Mkalimani amesema amekubali."

Wakampa nondo na chaki ya kuwekea alama. Chaki ilikuwa yako, ile uliyoisahau stoo. Kabla hajaenda alikikunja kile kitambaa chake vizuri akanipa mimi nimshikie. Hakunitukana. Ningependa angenitukana, matusi mawili alikuwa nayo.

Alitegua mengi, Shangazi. Alikuwa na mkono wa mtu wa wembe, anachimba taratibu, anapuliza udongo. Tukaanza kuamini kwamba atafika. Wengine wakaanza kumpigia makofi kwa mbali. Alikuwa anakiona kisima. Ni lile bomu moja ambalo hakuliona.

Sasa unajua. Maji nakunywa kila siku, hakuna mengine. Nywele zetu wote zimeota na hakuna aliyeuliza nani atatunyoa.

Mwanao.


Nyumbani, 18 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Mdogo wako amejifungua mtoto wa kike, mzima, ana paji la uso la kaka yangu. Nakuandikia hilo kwanza kwa sababu ni jema na sina jingine.

Barua yako nimeisoma peke yangu. Sikuisoma kwa sauti. Nimekaa nayo siku nyingi nikijaribu kukukasirikia wewe, ikawa nikifika kwako nakuta nimeshafika kwangu. Ile chaki nilikuwa nimeitafuta kwenye mkoba, nikadhani imeanguka kwenye lori.

Sasa sikiliza. Watu wa ujumbe unaotembelea mateka walikuja ofisini kwa shirika letu. Wana jina la Kinyozi. Mke wake ameandika kuuliza aliko, ametaja na kovu lake la kidole. Wakatuonyesha majibu ya Kamanda wako. Ameandika kwamba mateka huyo alijitolea kwa hiari yake, kupitia mkalimani, mbele ya kikosi kizima, kama Mkataba unavyoruhusu, na kwamba kikosi chake kilipata mafunzo. Akanitaja mimi kwa heshima. Mkubwa wangu akanipa mkono akasema, "Umeona, mama, kazi yetu inafika."

Nilikuwa na barua yako kwenye mkoba. Nikashukuru, nikakaa.

Watakuja na huko kambini. Watataka mkalimani na utakuwa wewe, hawana mwingine. Nakuomba, na hapa sikuombi kama mwalimu: usiseme. Aliyekufa hatarudi. Ukisema, Kamanda atasema alitegemea ulimi wako, na atakuwa anasema kweli, na atakayekwenda na maji ni wewe. Nimemwona fundi viatu akitundika viatu ukutani. Mimi sina hata ukuta wa kutundikia.

Naona haya kuandika hivi. Nimeandika.

Shangazi yako.


Mahabusu, 22 Agosti

Shangazi yangu,

Shikamoo. Hongereni kwa mtoto. Paji la uso la baba ni kubwa, mwambieni mapema avae kofia. Mimi mzima, wananilisha. Karatasi hii kanipa mlinzi, ni mtu mwema, na Mwendopole ameahidi kuifikisha.

Walikuja, kama ulivyosema. Mwanamke mmoja na mwanaume mmoja. Wakaanza na mateka wapya wawili tuliowapata mwezi uliopita, nikatafsiri: mnakula, mnalala wapi, mnaandikiwa barua. Nikatafsiri kila kitu, hata wale walipolalamika kwamba unga una wadudu. Kamanda alikuwa amesimama mlangoni.

Yule mwanamke akasema kuna mtu mmoja wa mwisho wa kuulizia. Akaniuliza mimi mwenyewe, kwa sababu mhusika hayupo: "Wewe ndiye uliyekuwa mkalimani. Alisema nini?"

Ni swali lako lile lile, Shangazi, maneno yale yale. Nikamjibu kama nilivyokujibu wewe. Nikamtafsiria Kinyozi yote, kuanzia duka mpaka kuomba radhi, na "mimi sikubali" nikaisema kwa lafudhi yake. Nilikuwa nimechelewa kuitafsiri miezi kadhaa, basi. Mpishi akatoka jikoni akasema naye alisikia. Hakuna mwingine aliyetoka. Ile jioni nikafungwa pingu, mpishi akapelekwa kikosi kingine.

Kitambaa chake nimewapa wampelekee mke wake.

Nimeshitakiwa kwa kusema uongo mbele ya mkuu wangu na kusababisha kifo cha mateka. Kamanda ni shahidi wa upande wa mashitaka. Wameniuliza nani alinishauri. Nimesema hakuna. Barua niliichoma na wewe unajua niliichoma, kwa hiyo kaa kimya, tafadhali. Wewe endelea kufundisha. Ile barua yako ya Machi, ya kusema akatae, wamenikuta nayo, na mwanasheria niliyepewa amesema itaniharibia: inaonyesha kwamba nilijua.

Mwanao.


Nyumbani, 15 Septemba

Mwanangu,

Leo salamu zitasubiri.

Nimekwenda. Nilipanda lori la Mwendopole mpaka huko makao makuu mnakosikilizwa. Nilibeba miwani, picha ya saba, na barua zako zote. Nikawaambia wale maofisa watatu mezani kwamba kuna barua ya pili, imechomwa, na aliyeiandika ni mimi. Nikawasomea kwa kichwa, neno kwa neno, maana sijasahau hata nukta. Nikawaambia kwamba nilimfundisha Kamanda mahali pa kupita, nikampongeza kwa kupaona, kisha nikampa mtoto wangu ufunguo.

Walinisikiliza vizuri, wakaniagizia maji. Mkubwa wao akasema, "Mama, aliyesema 'amekubali' ni mkalimani. Mwalimu hana kesi." Nikasema nataka iandikwe. Karani akamtazama mkubwa, mkubwa akatikisa kichwa, kalamu ikabaki mezani. Kamanda alikuwa kwenye benchi la mashahidi. Aliinuka akanipisha nikae.

Hawakuniruhusu kukuona.

Wiki iliyofuata nilikuwa na darasa. Nilisema nitakwenda, sijui kwa nini, labda kwa mazoea. Tulipofika picha ya saba kijana mmoja akanyoosha mkono. Nilijua kabla hajafungua mdomo. "Na akikubali mwenyewe?" Sikumpongeza. Nikaweka picha chini, nikawahadithia habari ya mtu mmoja mfupi, na foleni yake, na mpishi, na masikio. Nikawahadithia habari yako, na yangu. Ofisa wao akaandika barua kwa shirika na shirika limeniambia nipumzike. Picha zao nimewarudishia, chaki nimebaki nayo.

Fundi viatu nilimweleza yote. Sikujua atasemaje. Akanyanyuka, akaja na msumari na nyundo, akatengeneza ule mlango wa jikoni. Sasa unafunga. Gogo nimelitoa.

Haya, sasa salamu. Mdogo wako anakusalimu, mtoto ananyonya vizuri, ameanza kucheka akiona miwani yangu. Mume wake amerudi. Mvua zimeisha. Mwanasheria wako anasema hukumu bado, na hasemi zaidi, na mimi simuulizi zaidi kwa sababu nikiuliza atanijibu.

Nasikia huko mahabusu wananyoana wenyewe kwa wenyewe. Wewe nani anakunyoa?

Shangazi yako.